Mama mkwe alinifundisha kusokota pamba bila kunitazama usoni

Wakuu, salamu kutoka Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, upande wa Zambia.

Anayeandika hapa ni mwanaume mwenye ndevu anayejua kufuma kofia ya mtoto. Mwenye kucheka acheke sasa hivi amalize, kisha tuendelee. Haya yamenitokea mwenyewe, sina faida ya kuyatunga, na shahidi wangu yuko hapa uani anafukuza vifaranga. Ana miaka mitatu.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mkongomani, tulivuka kutoka upande wa Pweto wakati wa vita, na sasa tunaishi settlement ya wakimbizi. Kazi yangu ni kutengeneza nyavu za wavuvi pale ufukweni. Baba yangu alikuwa wa kazi hiyo hiyo, na alinifundisha kusokota kamba kwenye paja kabla sijajua kuandika jina langu. Likumbukeni hilo la paja, ndilo lililoniponza.

Twende kwenye story.

Mke wangu, Mado, alijifungua kabla ya wakati, mimba ikiwa na miezi saba tu. Mtoto njiti, wa kike, tukamwita Mwewa. Ilikuwa msimu wa baridi, upepo wa ziwani unavuma kuanzia asubuhi, na wanaoijua Mweru wanajua haucheki na mtu.

Hospitali walituweka siku kadhaa, kisha wakaturuhusu kwa masharti. Mtoto akae kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Kichwa kisipate baridi hata dakika. Na kila wiki aletwe kupimwa uzito. Nesi alisema wazi: akipungua wiki mbili mfululizo, mnapelekwa hospitali kubwa ya Mansa.

Mansa siyo mbali kwenye ramani. Lakini kila mtu settlement alikuwa na habari ya njiti aliyepelekwa akarudi amefunikwa shuka. Sitaki kuongeza neno hapo. Niliogopa sana, wakuu.

Najua kuna mtu tayari anaandika, "Si ungenunua kofia sokoni?"

Nilinunua. Kofia ndogo kuliko zote kwenye salaula, yaani mitumba, ilimfika mwanangu mabegani. Nikanunua ile ya uzi wa nailoni ya dukani, akatoka vipele paji zima. Tukakata fulana yangu ya zamani, ikawa inateleza kila akigeuza kichwa. Kichwa chenyewe kilikuwa kama chungwa.

Hapo ndipo mama mkwe alipoingia kati.

Alikuwa amehamia kwetu kumsaidia Mado. Nyuma ya nyumba yake ana mti wa pamba, ile ya kienyeji inayoishi miaka mingi, na yeye ndiye mtu pekee ninayemjua anayeweza kusokota uzi wa pamba kwa mkono. Mado mwenyewe alizaliwa njiti, akavalishwa kofia ya pamba iliyosokotwa nyumbani. Kwa hiyo bibi alikuwa na uzoefu, siyo maneno tu.

Shida zilikuwa mbili.

Ya kwanza, mkono wake wa kulia uliwahi kuvunjika akiteka maji, ukaunga vibaya. Vidole havikunjiki. Na Mado kutwa nzima alikuwa na mtoto kifuani, anamnywesha maziwa kwa kijiko. Mikono iliyobaki nyumbani ilikuwa yangu.

Ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Akipita huku, wewe unapita kule. Hali hiyo inaisha siku mwanaume anapotoa kuku wa kufungua kinywa mbele ya familia. Mimi nilioa tukiwa njiani tunakimbia, hakuna aliyekumbuka kuku. Baadaye nikawa naahirisha tu. Na niseme ukweli kwa kuwa hamnijui: nilikuwa nafurahia. Mama mkwe asiyeruhusiwa kukusema usoni ni neema ya Mungu.

Sasa mtu asiyeweza kuongea nawe atakufundishaje kazi ya mikono?

Tulifanya hivi. Jikoni kwetu kuna uzio wa matete. Yeye alikaa upande wa ndani, mimi upande wa nje. Na alikuwepo kuku wangu mmoja jike, mweupe, mvivu, anayependa kulala pale kwenye majivu. Mama mkwe akaamua kuzungumza na kuku.

"Kuku, ambia ule bwana atoe mbegu zote mu pamba. Zote. Hata moja isibakie."

Nikatoa mbegu zote.

"Kuku, ambia yeye aichambue mupaka ikuwe sawa moshi."

Nikaichambua hadi ikawa kama moshi.

Kisha akanipitishia juu ya uzio kile chombo chake. Ni kijiti chembamba chenye kipande cha kibuyu kilichochomekwa chini, unakizungusha kinacheza kama pia, na mkono mwingine unavuta pamba kidogo kidogo inajikunja kuwa uzi. Ukiangalia mtu anayejua, unaona ni kitu cha mtoto. Ukijaribu, pamba inakatika kila baada ya shibiri moja.

Nilikata pamba asubuhi nzima. Kila kijiti kilipoanguka chini, bibi aliusikia mlio, akaguna. Kuku naye akaguna. Nikajiona nimezidiwa akili na wote wawili.

Siku ya pili nikasema, hapana, mimi ni fundi wa kamba, baba yangu hakunizaa bure. Nikaacha kuvuta kwa upole. Nikazungusha kile kijiti kwenye paja kama ninavyosokota kamba ya wavu, nikakaza, nikakaza tena. Uzi ukatoka! Mrefu, mwembamba, haukatiki hata ukiuvuta kwa meno. Nikapitisha kipande kwenye upenyo wa matete kwa majivuno ili mwalimu akikague.

Uzi ukarudishwa kupitia upenyo ule ule.

"Kuku, ambia huyu mutu, ile ni mutoto, haiko samaki."

Nilichukia. Nikaona wivu wa wazee. Mado alikuwa amejifunza tricot, yaani kufuma kwa sindano mbili, kwa masista huko Kongo, akanielekeza kufuma akiwa amelala na mtoto kifuani, nami nikatumia spoku mbili za baiskeli nilizozinoa ncha. Siku mbili nikapata kofia. Ilisimama yenyewe mezani kama kikombe. Tena ilikuwa imepinda upande mmoja, kwa sababu uzi uliokazwa kupita kiasi unajinyonga hata ukishafumwa.

Tukamvalisha Mwewa. Alipovuliwa alikuwa na alama nyekundu kuzunguka kichwa chote, kama chupa iliyofungwa kamba.

Hapo hasira iliniisha, nikabaki na aibu. Niliitupa ile kofia jalalani, nikaenda ufukweni kutengeneza nyavu za watu. Angalau samaki hawalii.

Jioni niliporudi niliona kitu ambacho hakikunipendeza. Mado alikuwa anambadilisha mtoto, na kiunoni mwa mtoto kulikuwa kumefungwa kijiuzi. Mimi ni mtu wa kanisa, mambo ya kufunga watoto hirizi nimeyakataa siku nyingi.

Nikamuuliza Mado, "Hii dawa ya nani?"

"Ya mama."

"Ya nini?"

"Uliza kuku," akanijibu, akageukia ukutani.

Alikuwa amechoka mno, sikumlaumu. Na mama mkwe nisingeweza kumuuliza. Nikameza.

Siku chache baadaye, asubuhi, niko upande wangu wa uzio najaribu tena, mara nasikia matete yanavunjika. Krak. Krak. Mama mkwe alikuwa anang'oa matete ya uzio wangu, yule yule anayenifokea kupitia kuku nikiacha lango wazi. Akatoboa tundu la kupita mkono. Kisha mkono wake wa kushoto ukatokeza, mkavu, wenye mishipa, na kiganja kimefunguliwa.

"Kuku," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku, "ambia yeye anipe pamba. Yeye azungushe tu. Miye nitavuta."

Nikamwekea pamba kiganjani.

Wakuu, sijui niieleze vipi. Mkono wangu ulizungusha kijiti upande huu, mkono wake ulivuta pamba kwenye tundu, na uzi ukazaliwa katikati. Hatukuonana hata kope. Nikizungusha sana, alibana pamba, nami nikahisi uzi unakataa. Nikilegeza, aliachia. Hakusema na kuku wala na mtu. Mpaka jua lilipofika utosini mkono wangu ulikuwa umeshajua jambo ambalo masikio yangu yalilikataa wiki nzima: uzi wa mtoto unasokotwa mpaka pale unaposhika tu, halafu unaacha. Wa wavu unaendelea.

Kisha akanionyesha kuchukua nyuzi mbili na kuzisokota pamoja kwa kuzungusha upande wa kinyume. Ule mnyongo ukafa kabisa. Uzi ukawa laini na hauna ubishi.

Baada ya siku mbili tukaenda kupima. Mwewa alikuwa amepungua. Nesi hakusema mengi, aliandika kwenye kadi, akatukumbusha kuhusu wiki ijayo. Tulirudi, mimi mbele, Mado nyuma.

Nilifuma kama mwendawazimu. Sikwenda ufukweni. Kuna mahali spoku iliteleza nikaangusha kitanzi kimoja, na mistari mitano ikaanza kufumuka mbele ya macho yangu. Kwenye wavu tundu moja likikatika mengine yanashika, kwa sababu kila tundu lina fundo lake. Kofia haina fundo hata moja, kitanzi kinashikwa na jirani yake tu. Mimi kwa mazoea nikapiga fundo la wavu palepale, fundo kubwa kama punje ya hindi. Mado aliliona akacheka mpaka akashika tumbo. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu ajifungue. Nikafumua nikarudia.

Kofia ya pili ilikuwa mbaya kwa sura, lakini laini. Ilikaa kichwani mwa Mwewa bila kuteleza na bila kuacha alama. Nikafuma na soksi, moja kubwa kuliko mwenzake.

Sidai kofia ndiyo iliyomponya. Kifua cha Mado kilifanya kazi, maziwa yalifanya kazi, maombi pia. Lakini wiki iliyofuata kadi ilionyesha ameongezeka. Kidogo tu, nesi akatabasamu. Iliyofuata tena, zaidi. Siku walipotuambia tusije tena kila wiki, nilitoka nje nikasimama nyuma ya jengo nikalia peke yangu, na sioni haya kuliandika.

Baada ya hapo nikasema imetosha, kinywa kifunguliwe. Nikaita wazee wachache wa familia, nikatoa kuku. Yupi? Yule yule mweupe, nilikuwa naye huyo huyo. Kwa kawaida kuku wa namna hiyo analiwa. Mama mkwe alimpokea, akamwangalia, akasema, "Huyu hapana. Anajua mambo yetu yote." Akamwachia aende zake, tukala maharage.

Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nioe, akainua uso akanitazama. Ana macho ya Mado. Miaka yote hiyo sikujua.

Nikatega sikio nipewe baraka.

"Mukwe, ile bonnet ya kwanza ilikuwa mubaya sana."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alifungua pindo la kitenge chake akatoa nyuzi tano, akazipanga kwenye mkeka, fupi kwanza, ndefu mwisho. Wa kwanza nisingeweza hata kuufunga juu ya kiwiko changu. Nikazitambua. Ulikuwa uzi wangu, ule mgumu. Alikuwa ameiokota kofia yangu jalalani na kuifumua.

"Uzi mulaini unavutika, unadanganya," akasema. "Wako ule haudanganye. Nilifunga mutoto mu kiuno. Ukikaza, amenona, ninakata, ninafunga ingine. Hata Mado nilimupima vile."

Kumbe haikuwa hirizi. Nikainamisha kichwa.

Kisha akaweka kidole kwenye ule uzi wa kwanza, mfupi kuliko zote.

"Huu haukukaza kwanza, mukwe. Huu ulilegea. Sikuambia Mado, sikuambia mutu. Ile siku ulilegea, njo siku nilitoboa lupango."

Lupango ni uzio, wakuu.

Nilikuwa nimekaa upande wangu wa matete nikidhani bibi amechoshwa na ujinga wangu. Kumbe alikuwa anajua kabla ya mizani, na alikuwa amebeba peke yake.

Nilichojifunza ni kwamba ufundi wako wa zamani unaweza kukuzuia kusikia, na mtu anayekufokea kupitia kuku huenda anaogopa kuliko wewe. Pia, kama una kuku wa kutoa, mtoe mapema.

Mama mkwe sasa ananisema usoni kila siku, hanyamazi hata akila. Tundu la uzio sijaliziba. Nyuzi tano nimezihifadhi kwenye Biblia, na Mwewa akiziona anauliza ni za nini.

Wenye bibi au mama mkwe anayejua kusokota, au mliowahi kulea njiti, njooni hapa tuzungumze. Na wa kucheka fundo langu la wavu, karibuni pia, Mado anasoma comments zote.