Kumi na Moja ya Fundi

Siku ya kwanza Fundi, mshona nguo, alichomoa uzi kwenye jora la kitambaa, akauwasha kwa kiberiti mbele ya wateja. "Umeniambia pamba, tajiri. Pamba haiyeyuki hivi." Mwenye duka la vitambaa, mwanamke asiyekubali kushindwa kwa neno wala kwa bei, alishusha bei palepale. Tangu hapo wakawa watu wa kuvutana kila wiki bila kununiana.

Baadaye Fundi alipasuliwa kwa saratani ya ovari, akamaliza dripu za dawa, akarudi kwenye cherehani. Kila miezi mitatu alipimwa damu, kutazama ile alama ambayo huweza kupanda ugonjwa unapotaka kurudi. Miaka miwili majibu hayakutoka kwenye kumi na moja, kumi na mbili.

"Kuna maabara nyingine rahisi," tajiri akamwambia. "Mwenye maabara namjua. Twende, nitamkamua bei ishuke."

Akamkamua kweli, akajisifu wiki nzima. Majibu yakaja: ishirini na sita.

"Si chini ya thelathini na tano?" tajiri akauliza. "Karatasi inasema kawaida. Chapa kazi."

"Kawaida ya watu, si yangu. Yangu imepanda zaidi ya mara mbili!"

Fundi akaketi, macho kwenye gauni alilokuwa akilishona. Ghafla akaruka kama aliyeumwa na siafu.

"Tajiri! Nikipima mkono huu wa gauni kwa futi yangu ya kupimia na ule kwa futi nyingine iliyovutika, gauni linapinda. Hawa wa maabara mpya si wana mashine nyingine?"

"Inawezekana," daktari wake akasema Fundi alipompigia simu. "Lakini usijipe jibu. Kapime kule kwa zamani leo. Ikiwa juu na kule, kesho tunapiga picha ya tumbo."

Tajiri akafunga duka mchana kweupe, akatangulia njiani akipiga watu vikumbo.

"Majibu kesho, mama," mpimaji wa maabara ya zamani akasema baada ya kumtoa Fundi damu.

"Leo," tajiri akasema. "La sivyo nakaa hapa mlangoni naongea."

Mpimaji akamtazama, akaona kweli ataongea. "Saa kumi na nusu."

Saa kumi na nusu majibu yakatoka: kumi na mbili! Fundi akapiga yowe, na wagonjwa kwenye benchi wakapiga makofi bila kujua kisa.

Tajiri alipoteza mauzo ya mchana mzima, na sifa zake zote za kukamua. Fundi alipata miezi mitatu mingine, mpaka kipimo kijacho cha damu.

"Na hujaniomba radhi," Fundi akamwambia wakitoka.

"Nimefunga duka! Unataka nini tena?"