Jina Alilonong'ona Bibi Mlangoni

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, wanawake walipojaa nyumbani kwetu Itiryo kusaga wimbi wa pombe ya sherehe. Sherehe yenyewe ilikuwa yangu. Msimu wa tohara ulikuwa umetangazwa, na mimi na wenzangu tulikuwa tunangoja kupelekwa kwa ngariba. Nilikuwa na furaha, usinicheke. Nilishaahidiwa khanga mpya, na sikutaka kuchekwa kisimani kwamba nimebaki mtoto.

Wiki ile walikuwa wamepita wageni wenye kipaza sauti. Walisema ukeketaji unaua, na walisema vizuri kabisa, kama mtakavyosema wewe na wenzako kesho mkienda vijijini na hiyo spika yenu. Watu wakapiga makofi, kisha wakarudi kuanika wimbi.

Sasa, bibi yangu mzaa baba alikuwa na tabia moja. Kila jioni alimega tonge la ugali, akaliweka nje ya mlango unaotazama porini, akanong'ona, "Robi." Nilidhani ni jina la mbwa aliyekufa zamani. Lakini mbwa wetu hakuligusa tonge lile hata siku za njaa. Alilizunguka kwa mbali, mkia chini, macho porini. Asubuhi tonge halikuwepo, nami niliogopa kuuliza.

Mchana ule bibi aliacha kusaga, akaanza hadithi. Wanawake wakachangamka, maana bibi alijua kusimulia. Palikuwa na msichana, alisema, akapelekwa kwa ngariba, damu ikagoma kukatika. Alipokufa hakuzikwa. Alitupwa porini kama mila ilivyotaka, na mama yake akakatazwa kulia wala kutaja jina lake, eti ataleta mkosi. Tangu hapo kila msimu msichana yule hurudi. Husimama kwenye mlango wa nyumba inayosaga wimbi, akingoja mtu amwite ndani.

Nje, mbwa alianza kulia. Alikuwa akiutazama mlango wetu, na mlangoni hapakuwa na mtu.

"Anaitwa Robi," bibi akasema. "Ni mzaliwa wangu wa kwanza. Karibu, mama. Ingia ndani."

Mama Mwita, jirani yetu mwenye maneno mengi, aliachia jiwe la kusagia akasema polepole, "Gati." Mwingine akasema, "Wankuru." Majina yakaendelea kutoka, kwa wanawake niliodhani nawajua. Nilihisi nyumba inajaa. Nilijibana ukutani kuwapisha watu nisiowaona, na mpaka leo siwezi kukueleza kwa nini.

Nilipoinua macho, baba alikuwa amesimama mlangoni. Yeye alikuzwa akiambiwa dada yake mkubwa aliolewa Kenya, na alishavuka mpaka wa Sirari mara nyingi kumuulizia.

"Mama, si ulisema Robi aliolewa ng'ambo?"

"Aliolewa na pori, Chacha. Na huyu je, mnampeleka huko huko?"

Alininyooshea kidole mimi. Baba alinitazama, akalia mbele ya wanawake, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kisha akasema, "Mama Mwita, rudisheni wimbi ghalani."

Sikukatwa. Wazee walimtenga baba, nami nilichekwa kisimani kweli, nikalilia khanga yangu. Jioni ile bibi aliweka tonge ndani, karibu na mafiga.

Basi mwanangu, spika yenu mwende nayo, siikatai. Ila usianze na habari za wengi. Anza na mmoja mwenye jina na mama, na kwanza mama huyo awe amekuruhusu. Usimtie chumvi. Ukimaliza, nyamaza, hata kimya kikikutisha, maana hapo ndipo wenzako watapata nafasi ya kutaja wa kwao.

Mimi wangu, Robi, nimekukabidhi, kasimulie habari zake. Mungu akutangulie, akupe ulimi mwepesi na moyo mgumu, na asiongezwe binti mwingine kwenye majina yale. Na ukiwa katikati ya hadithi, ukiona mlango umesogea bila upepo, usikimbie. Sema karibu.