Redio Mbili kwenye Ploti Moja

Kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, Kabiro, Kawangware, kulikuwa na redio mbili. Ya landilodi, mzee aliyezaliwa hapo hapo, ilikaa karibu na geti ikiongea Kikuyu. Ya jirani yangu, mama wa kuuza samaki, iliongea Kijaluo. Chumba changu kilikuwa katikati. Lugha hizo nilizishika nusunusu, lakini mtangazaji akianza kupandisha sauti nilijua kuna jambo.

Wiki ya maandamano watangazaji walipandisha sauti tangu asubuhi. Landilodi alinisimamisha kwenye mfereji.

"Kijana, umesikia? Watu wa Kibera wamevuka mtaa wa Ayany, wanakuja huku."

Aliongea akiangalia mlango wa mama samaki, kana kwamba hao ni watu wake. Kabla sijatua ndoo, mama naye akaniita kwake.

"Redio imesema wenye ploti wanatoa wapangaji kwa nguvu. Huyo mzee alikuwa anakwambia nini?"

Dada yangu anaishi Kibera, karibu kabisa na Ayany. Nikawaita wote wawili uani, nikampigia dada, nikaweka simu kwa spika.

"Huku kumetulia, mimi nafua," akasema dada. "Ni nyinyi nilikuwa nawahofia. Nimesikia Kawangware nyumba zinachomwa."

"Umesikia wapi?"

"Kwa redio."

Tukatazama mabati ya majirani. Hakukuwa na moshi. Nilidhani mambo yameisha.

"Huyo ni dada yako," landilodi akasema. "Wewe ulitaka aseme nini?"

Mama samaki akatikisa kichwa. "Labda hata hajatoka nje."

Walirudi kila mmoja kwa redio yake. Siku hiyo hakuna aliyekuja, wala hakuna aliyefukuzwa. Nilingoja mtangazaji aseme walikosea, lakini zilipigwa nyimbo tu na matangazo ya mbolea.

Mwisho wa mwezi mama samaki alihama. Landilodi alimsaidia kutoa godoro getini, kisha akaniuliza polepole, "Huyu anajua nini ambacho sisi hatujui?"

Chumba cha mama samaki sasa kina kijana mwingine, asiye na redio. Anasikiliza habari kwa simu, waya masikioni, akipita anasalimu "niaje" na kuendelea. Juzi alisimama ghafla katikati ya ua akisikiliza, akautazama mlango wangu. Nilimuuliza kuna nini.

"Hakuna," akasema, akaingia kwake na kufunga komeo.