Zubeiri Shehe Ashuka Mizani, Ashika Usukani

Umande bado haujakauka katika kiwanja cha ndege cha Tanga, na Zubeiri Shehe anaizunguka ndege kwa mara ya tatu. Anapapasa ukingo wa bawa. Anainama kuyatazama magurudumu. Anaisukuma rafadha, lile panga la mbele, kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayejaribu mlango wa nyumba ya watu.

Ni saa moja na robo asubuhi. Kwenye benchi la banda la abiria amekaa mama yake, Bi Mwamvua, na kikapu cha mikate ya kumimina ambacho hakuna aliyekigusa. Hatua chache kutoka hapo amesimama Kapteni Merrick, rubani mkuu wa Kampuni ya Ndege za Pwani. Kiko kimo mdomoni, lakini hajakiwasha.

Leo Zubeiri anatahiniwa urubani, na ni mara yake ya pili. Kampuni ilimwandikia barua kwamba italipia mitihani miwili tu. Akifaulu, ataajiriwa kuwa rubani msaidizi. Akishindwa, atarudi kwenye mizani ya mizigo, na kiti atakipata rubani mgeni kutoka Ulaya ambaye tayari amefikia hotelini Mombasa, anangoja simu.

Kitendawili. Nyumba yangu ina madirisha lakini haina baraza, na wageni wakishaingia huondoka nayo.

Watoto wa Usagara, mtaa aliozaliwa Zubeiri, hujibu bila kufikiri: ndege. Lakini ukiwauliza mwenye nyumba ni nani, hadi mwaka huu wa 1957 walijibu kwamba ni Mzungu. Basi ndiyo maana asubuhi hii wamefika watu thelathini na zaidi nje ya uzio wa kiwanja, wengine hata kazini hawajaenda. Wamekuja kuona kama jibu litabadilika.

Zubeiri ana miaka thelathini na mmoja. Aliishia darasa la sita, baba yake alipofariki. Mwaka 1949 aliajiriwa kukata nyasi kiwanjani kwa shilingi arobaini na mbili kwa mwezi. Baada ya miaka miwili akawa mpakizi, kazi ya kuingiza mizigo tumboni mwa ndege na kuondoa kabari za magurudumu rubani anapotaka kuondoka.

Kilichomtoa kwenye upakizi ni harusi ya Pemba.

Mwaka 1953 wanawake saba wa Tanga walikata tiketi kwenda kumsindikiza bibi harusi. Mzigo wa abiria ulikuwa na kikomo, ratili thelathini kila mtu, na ukizidi hulipiwa. Haya, mwanamke wa pwani anayekwenda harusini na ratili thelathini, huyo atakuwa amesahau kitu nyumbani. Akina mama hawa hawakusahau. Kanga za kutunza walizivaa mwilini, doti juu ya doti, na mabuibui juu yake.

Karani wa siku zile aliona haya kuwapandisha wanawake kwenye mizani. Aliwauliza tu kila mmoja ana uzito gani, na Bi Chiku, mkubwa wao, akawajibia wote. Kwa hesabu ya Bi Chiku, hapakuwa na aliyefika ratili mia.

Zubeiri alikuwa chini, kamba ya kabari mkononi. Aliwatazama wakipanda ngazi mmoja mmoja, akaona mkia wa ndege ukishuka. Rubani alipompa ishara, hakuvuta kamba. Kapteni Merrick alifungua kidirisha na kumkaripia. Zubeiri akamwambia, "Kapteni, ndege hii imekaa kama kuku anayetaka kutaga. Sitoi kabari."

Kwa mpakizi wa shilingi sitini na tano, hilo lilikuwa neno la kufukuzwa kazi. Lakini Kapteni alitazama nyuma, akazima mashine.

Shida ikahamia chini. Akina mama walikataa mizani katakata. Mtu, walisema, hapimwi kama gunia la mbata. Na mmoja akaongeza kwamba ukishajulikana uzito wako mbele za watu, jicho baya halina kazi tena ya kukutafuta.

Zubeiri hakuwabishia. Alikwenda kuvuta ile mizani kubwa ya chuma ya kupimia marobota, akawaomba wapande wote kwa makundi, wanne kisha watatu, wakiwa wameshikana mikono. Yeye angesoma jumla tu. Nani mzito na nani mwepesi, hilo lingebaki siri yao na Mungu wao.

Bi Chiku alicheka hadi akashika kiuno. "Kumbe una akili, we mwana. Basi leo sote ni mwili mmoja."

Jumla ilizidi kwa ratili mia mbili na kumi. Masanduku yote yaliteremshwa, yakafuata kwa safari ya kesho yake, na harusi haikuharibika. Asubuhi iliyofuata Kapteni Merrick alimkabidhi Zubeiri mizani na daftari lake, kwa shilingi mia na kumi. Hadi leo kiwanjani Tanga wanawake hupimwa kwa makundi, na Usagara wakapata kitendawili kipya: wanne wamepanda, jibu ni moja.

"Mimi nilimpa kazi ya kuandika uzito," anasema Kapteni Merrick, ambaye Kiswahili chake ni cha miaka ishirini ya pwani. "Yeye akaanza kuniuliza uzito ukikaa mbele ndege inafanya nini, ukikaa nyuma inafanya nini. Marubani wawili niliowaajiri kabla yake hawakuwahi kuniuliza hayo."

Basi Kapteni akaanza kumfundisha Jumapili asubuhi, kwa ndege yake ndogo mwenyewe ya viti viwili. Petroli Zubeiri alijilipia. Kiingereza cha vitabu alikipata kwa Mwalimu Kristofa, Mlutheri wa kutoka milimani, ambaye jioni alimsomesha bila malipo, kwa sharti moja tu la kuletwa samaki. Mkewe, Sabiha, alishona sare za shule ili nyumba isitikisike. Ikaenda hivyo miaka miwili na nusu.

Barazani hawakumwacha. Walimwita Rubani wa Mizani. Akipita walimuuliza amepaa au bado, au kama leo upepo unamruhusu kwenda sokoni. Zubeiri hucheka akikumbuka. Anasema yeye mwenyewe alikuwa akiangalia juu kabla ya kuwajibu.

Mwezi wa tatu mwaka huu akatahiniwa mara ya kwanza.

Mtahini anaitwa Bwana Pettifer. Ni mzee wa Kizungu mwenye masharubu meupe, aliyekaa Nairobi tangu ujana wake, na Kiswahili anakijua. Siku ile Zubeiri alirusha ndege vizuri, akapinda vizuri, akazijua saa zote za kupimia zilizo mbele yake. Wakati wa kurudi, mtahini akamwambia atue kwa upande wa magharibi.

Zubeiri aliuona mfuko mwekundu wa kuonyesha upepo. Upepo ulikuwa unatoka nyuma yao. Ndege ikitua na upepo mgongoni hukimbia mno, na njia huisha kabla mbio hazijaisha. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Akanyamaza, akaendelea kushuka.

Kabla magurudumu hayajagusa ardhi, mtahini alishika usukani mwenyewe na kuipandisha ndege. Walipotua salama kwa upande mwingine, alimuuliza kama aliuona upepo. Zubeiri akasema aliuona. Akaulizwa mbona hakusema.

"Uliniamuru, bwana," alijibu.

Karatasi ikaandikwa kwamba hafai bado. Bwana Pettifer alimweleza kwamba ile amri ilikuwa ya kumjaribu. Alimwambia kuwa angani mwenye usukani ndiye mwenye neno la mwisho, hata aliyekaa pembeni yake awe nani.

Wengi watalishangaa jambo hili. Mtu aliyemkatalia Kapteni kuondoa kabari, ameshindwaje kumkatalia mzee mmoja? Zubeiri analieleza bila kujificha. Anasema siku ya harusi alisimama chini, na Kapteni alikuwa juu, nyuma ya kidirisha. Siku ya mtihani alikaa bega kwa bega na mtu mwenye mvi kama marehemu babu yake. "Nilisikia kama ulimi si wangu," anasema. "Kwetu mkubwa akisema kaa, unakaa, kisha ndiyo unatafuta kiti."

Siku ile alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba adabu aliyomlea nayo ndiyo iliyomwangusha. Bi Mwamvua alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini.

"Adabu niliyokufundisha mimi ni kuomba radhi," akamwambia. "Kunyamaza ulijifunza mwenyewe."

Akamkumbusha desturi ambayo kila mtoto wa pwani ameiona nyumbani kwao. Mdogo ana ruhusa ya kumkatalia mkubwa. Huomba radhi kwanza, husema neno lake mara moja, hapandishi sauti, halirudii. Akishalisema, analitenda. Aliyekataa hivyo hajamvunjia mtu heshima. Aliyenyamaza na kuacha mkubwa aangamie, huyo ndiye hana adabu.

Kisha akamtia mazoezini. Kwa wiki saba Bi Mwamvua alimwamuru mwanawe mambo ya ovyo wakati wowote asiotazamia. Siku ya kwanza alimwambia atie chumvi kwenye chai. Zubeiri akatia, akainywa. Sabiha alitoka nje akacheka peke yake. Siku ya pili akaambiwa avue kanzu aende kazini na shuka, na hapo akasita. Wiki ya tatu mama alimwambia amimine maji kwenye taa inayowaka, naye, bila kuinua macho kwenye kitabu chake, akasema, "Niwie radhi, mama, simimini."

"Nikajua amepona," anasema Bi Mwamvua, akiwa pale benchini, macho yake yakiifuata ndege inayokimbia njiani na kuiacha ardhi.

Safari, Bwana Pettifer akiwa tena pembeni ya Zubeiri, ni ya saa nzima: Tanga hadi Pangani, kuingia bara hadi juu ya michungwa ya Muheza, na kurudi. Ndege inapotelea kusini. Kapteni Merrick anatoa saa yake mfukoni, anairudisha, anaitoa tena. Nje ya uzio watu wanazungumza chinichini, kama walio msibani na mgonjwa hajafa.

Baada ya dakika ishirini na tano tu, mtu mmoja uzioni ananyoosha kidole. Ndege inarudi.

Safari ya saa nzima haijafika hata nusu. Kapteni anageuka, anatazama upande wa bahari. Bi Mwamvua anavuta kikapu karibu na miguu yake, anasema polepole kwamba mikate itapoa, ingawa imepoa tangu alfajiri.

Ndege inatua kutoka mashariki, upepo ukiwa usoni mwake, laini kama mkono juu ya kichwa cha mtoto. Mlango unafunguka. Bwana Pettifer anashuka kwanza. Anakwenda moja kwa moja hadi benchini, anamwamkia Bi Mwamvua, anaomba mkate. Anaula wote akiwa amesimama.

Ndipo anapoeleza. Walipokaribia Pangani, wingu zito la mvua lilikuwa limekaa juu ya mdomo wa mto. Alimwamuru Zubeiri apite ndani yake. Zubeiri alimwambia, "Niwie radhi, bwana mkubwa, hapo sipiti. Narudi Tanga." Mtahini akaamuru mara ya pili, kwa ukali. Zubeiri hakujibu. Alikuwa ameshaanza kupinda.

"Nimewatahini marubani wengi," anasema Bwana Pettifer. "Wanaokataa hunipigia kelele. Huyu ameniomba radhi, akanirudisha nyumbani. Nimeandika amefaulu."

Kelele za nje ya uzio hazina haja ya kuelezwa. Kapteni Merrick anawasha kiko chake. Zubeiri anashuka wa mwisho, shati limemganda mgongoni, na jambo la kwanza analofanya ni kwenda kuweka kabari kwenye magurudumu. Anakumbushwa kwamba sasa yuko mtu wa kazi hiyo. Anasema anajua, na anaziweka.

Ataanza kazi tarehe mosi mwezi ujao, kwa shilingi mia sita na ishirini. Yule wa Mombasa angekaa kiti hichohicho kwa elfu moja na mia tatu. Zubeiri anazijua tarakimu hizo na hajifanyi hazijui. "Mizani imenifundisha kitu kimoja," anasema. "Kisichokuwa sawa hakifichiki. Nitalisema, kwa adabu, na nitalisema nikiwa nimeshakaa kwenye kiti."

Kiti chenyewe, anaeleza, ni cha kulia, cha msaidizi. Cha kushoto ni cha rubani anayeiongoza ndege, na kukifikia kunataka saa elfu moja na mia tano angani. Yeye anazo mia mbili na sita. Amepiga hesabu: akiruka kila wiki na Mungu akimpa afya, atakifikia mwishoni mwa mwaka wa sitini, au mwanzoni mwa sitini na moja. Kampuni imemwambia kwamba hakuna sheria inayomzuia. Neno hilo ameliomba kwa maandishi, na amelipata.

Mama yake hajawahi kupanda ndege. Kapteni amemwalika asubuhi hii hii, bure, hadi Pemba na kurudi. Bi Mwamvua ameshukuru na kukataa. Anasema atapanda siku mwanawe atakapokaa kushoto, si kabla.

Zubeiri anamuuliza kama siku hiyo hatamwogopea, akiwa nyuma yake na mawingu mbele.

"Siku hiyo mimi si mama yako," anamjibu, akimfuta jasho shingoni kwa ncha ya kanga. "Ni abiria. Utanipima, nami nitakaa utakaponiweka."