Gemu Iliyolia Ndani ya Jeneza la Mayala

Jeneza la mshkaji wangu lilianza kupiga muziki tukiwa tunalishusha kaburini.

Sitanii. Najua humu mtandaoni wapiga chai ni wengi, lakini hili nililiona kwa macho yangu, kamba ikiwa mkononi mwangu.

Ulikuwa muziki wa kitoto, ule wa gemu za matofali. Ukifa kwenye gemu, inakuimbia hivyo.

Wenzangu wawili wakaachia kamba. Jeneza likaenda upande, likagonga ukuta wa kaburi. Mama mmoja alitimka akaacha ndala zake pale pale.

Muziki ukaendelea.

Tulieni niwaeleze vizuri, maana najua wengine mshaanza kuwaza wachawi.

Tulikuwa marafiki watatu. Mimi ni Mayunga, nauza chaja na kava za simu Bariadi mjini. Mayala na Deogratias walibaki kwetu Nkololo, wanalima pamba na kuchunga ng'ombe za wazee wao. Tulisoma pamoja na tukafeli pamoja.

Kilichotuunganisha ukubwani kilikuwa kigemu. Kile cha mkononi cha zamani, cha betri za tochi, cha kupanga matofali yanayodondoka. Mayala alikikuta kwenye lundo la mitumba Lamadi, siku aliyotumwa samaki.

Watu walitucheka sana. Wanaume wazima na ndevu zao, dunia nzima ipo kwenye simu, nyie mnagombania kidude cha watoto!

Sisi hatukujali. Simu inataka bando na chaji, na kule machungani utachajia wapi? Kila nikienda nyumbani, tulikaa lamboni, lile bwawa la kunyweshea ng'ombe, tukacheza mpaka jua linazama.

Tulikuwa na sheria moja. Mwenye zamu anacheza mpaka afe. Anayesubiri ndiye anayehangaika na ng'ombe.

Kwa hiyo ukiwa na zamu nzuri huinui kichwa, hata ng'ombe waingie shamba la mtu. Deo ndiye alikuwa balaa. Unamwongelesha anaitikia "ee, ee", ukimuuliza umesema nini, hajui.

Sasa Jumanne moja nikiwa kibandani kwangu, Deo akanipigia.

"Mayunga, Mayala hatunaye."

"Hatunaye kivipi?"

"Kajiua, kaka. Kajitupa lamboni."

Nikakaa juu ya boksi la kava.

"Ulikuwa naye?"

"Hapana, mimi nilikuwa shamba tangu asubuhi. Nimesikia kama wewe tu."

Nilifunga kibanda nikapanda bodaboda hadi Nkololo. Njia nzima najiuliza, Mayala huyu huyu? Mcheshi vile? Ajiue kwa lipi?

Nilipofika nilikuta msiba ambao sijawahi kuuona. Hakuna anayelia.

Mzee Mashimba, baba mkubwa wa marehemu, ndiye aliyepiga marufuku kulia. Alikaa pale uani na fimbo yake, anatoa amri.

"Aliyejiua haliliwi. Mkimlilia, mnamwita mwingine wa kumfuata."

Hata katekista hakutokea. Akatuma ujumbe kwamba ana safari.

Mama yake Mayala, mama Generoza, alikuwa amekaa chini ukutani. Khanga ameiuma kwa meno, machozi yanashuka bila sauti. Nikainama kumpa pole. Akanishika mkono, akaniita mwanangu kwa Kisukuma.

"Ng'wanawane, Mayala hajajiua. Asubuhi ile alinambia nimpikie michembe ya viazi na karanga, akirudi jioni ale. Mtu wa kujiua anaagiza chakula?"

"Hapana, mayu," nilimjibu, nikimwita mama.

"Basi waambie."

Nilimfuata mzee Mashimba, nikamwambia. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Wewe wa mjini, mambo ya ukoo huu yanakuhusu nini?"

Nikarudi kukaa. Nilikuwa na hasira.

Deo alikuwepo muda wote, anahangaika huku na huku. Yeye ndiye aliyejitolea kumvisha marehemu na kumlaza kwenye jeneza, wakati ndugu zake wenyewe wanaogopa kumgusa. Mimi pale nikasema moyoni, huyu kweli ni rafiki.

Mazishi yakawa ya kukimbizana. Hakuna sala wala wimbo. Tukabeba jeneza, tukaanza kulishusha.

Ndipo muziki ukalia.

"Fukieni!" mzee Mashimba akapiga kelele. "Fukieni haraka!"

Vijana wakashika sepetu. Mama Generoza akaruka, akasimama juu ya rundo la udongo.

"Hakuna wa kutupa udongo hapa. Fungueni."

"Generoza, una wazimu?" mzee Mashimba akafoka.

"Nao ninao. Fungueni nimwone mwanangu."

Hakuna aliyesogea. Nikashuka mimi na kijana mwingine, tukafungua.

Miguuni kwa Mayala kulikuwa na kitambaa kimeviringishwa. Nikakichukua, kikawa kinapiga kelele mkononi mwangu. Nikakifungua.

Kigemu chetu.

Baadhi ya watu wakacheka, kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Kumbe si mzimu, ni kidude tu! Mzee Mashimba akahema akasema, "Haya, tuendelee."

Lakini mama Generoza hakucheka. Alinyoosha mkono nikampa. Akakigeuza, akakifungua sehemu ya betri, akazitoa, akaingiza kidole ndani. Kikanyamaza.

"Hiki alitoka nacho asubuhi ile," alisema taratibu. "Nilimwona akikitia mfukoni. Mwanangu ametolewa majini na nguo zake zote, hadi mifukoni ana tope. Hiki mbona kikavu?"

"Nani alimvisha?"

Jamani, watu wote pale waligeuka kwa pamoja.

Deo alikuwa amesimama nyuma. Alianza kurudi kinyumenyume, akagota kwa watu. Halafu akapiga magoti.

"Mayu, sikumuua."

"Sema."

Akasema. Walikuwa wote lamboni. Ilikuwa zamu ya Deo. Ndama akaingia majini akanasa kwenye tope, na Mayala ndiye aliyekuwa anasubiri, kwa hiyo akaenda kumtoa. Mvua zilikuwa zimejaza lambo, chini kumechimbika. Mayala hajui kuogelea.

"Uliona akizama?"

"Sikuona, mayu. Nilikuwa nimefika mbali kwenye gemu, nilikuwa sijawahi kufika pale."

"Hakukuita?"

Deo akainamisha kichwa.

"Nakuuliza, mwanangu hakukuita?"

"Aliita."

"Alisemaje?"

Deo alilia kwanza, ndipo akajibu.

"Alisema, 'Deo, acha gemu.' Nikamwitikia. Nikajua ni utani wake. Nilipomaliza kipande kile nikaisimamisha gemu, nikainua kichwa. Maji yalikuwa yametulia."

Ile gemu hakuizima tena. Alisema alishindwa hata kuigusa kitufe, na alishindwa kukaa nayo, ndipo akaona aizike pamoja na mwenyewe, Mayala. Jeneza lilipotikisika kitufe kikabonyea, gemu ikaendelea yenyewe, ikafa.

Hapo ndipo akili ikanirudia. Mtu wa kwanza kunitamkia neno "kajiua" alikuwa nani? Nikawauliza watu wa pale, nyie mlisikia kwa nani? Kila mmoja alisikia kwa mwenzake, na wote ukiwafuatilia unafika kwa Deo.

Neno moja la mwoga, kijiji kizima kikalimeza bila kutafuna.

Vijana wa sungusungu wakamrukia. Mama Generoza akawazuia.

"Mkimpiga hapa mtanichafulia msiba. Nimesubiri siku mbili kumlilia mwanangu. Toeni jeneza, mrudisheni nyumbani."

Mzee Mashimba akafungua mdomo. Sijui aliona nini usoni kwa yule mama, akaufunga.

Tukalirudisha jeneza hadi nyumbani. Msiba ukaanza upya.

Sijawahi kusikia kilio kama kile. Na waliolia kwa sauti kubwa kuliko wote ni wale wale waliokuwa wananong'ona jana yake kwamba kijana alikuwa na laana. Mzee Mashimba alijibwaga chini akimtaja marehemu kwa majina ya sifa. Nilitamani nimzibe mdomo. Hata katekista, safari yake ikaisha ghafla, akaja na kitabu chake.

Tulimzika kesho yake kwa sala.

Polisi walimhoji Deo wakamwachia. Siku hizi yupo Lamadi, anapakia samaki kwenye malori. Ananitumia meseji. "Niliogopa kaka, nisamehe." Nazisoma, sijibu.

Na msinijazie maoni ya kuniambia nisamehe. Msameheni nyie.

Hofu naielewa. Deo naye hajui kuogelea, pengine angeingia wangezama wote wawili. Kutoinua kichwa pia naelewa, hata mimi ningeweza kuwa ndiye mwenye zamu.

Ila kile kifo kilikuwa ajali. Ule uongo haukuwa ajali. Alikaa pale uani akimtazama mama wa rafiki yake akiuma khanga ili sauti isitoke, na kila alipompitia alimpa pole.

Ukikosea, sema siku ile ile. Na nyie mnaosikiliza, marehemu hawezi kujitetea, kwa hiyo kabla hamjalimeza neno juu yake, muulizeni kwanza mama yake.