Lorraine Pawlak na Kinanda cha Mabomba

Lorraine Pawlak alikuwa radhi kusimama mlango wowote wa ukumbi wa okestra, hata ule wa karibu na vyoo ambao sisi wengine tuliukimbia, ilimradi siku hiyo kinanda kisipigwe. Kinanda chetu ni kile kikubwa cha mabomba, kimejaza ukuta mzima nyuma ya wanamuziki, na bomba lake refu kuliko yote linakaribia kugusa dari. Watu hutoka miji mingine, hata Madison, kuja kukisikiliza. Lorraine akiona kwenye ratiba kwamba kinapigwa, ananitafuta kabla hata sijavua koti.

"Nishikie zamu ya Jumapili. Mimi nitakushikia za Krismasi zote."

"Zote? Hata ile ya watoto?"

"Hata ile ya watoto wanaotapika."

Mimi nikawa nachukua tu. Sote tulikuwa wakaribishaji wa kujitolea: tunaonyesha watu viti, tunagawa vijitabu, tunafunga milango muziki ukianza. Yeye alikuwa amestaafu jiko la shule huku kusini mwa mji, mimi nimestaafu posta. Nilidhani ni masikio yake tu, hayapendi kishindo.

Kumbe ni baba yake. Alinieleza Ijumaa moja tukila samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, na alieleza huku akitoa miiba, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Mzee Pawlak alikuwa mpiga kinanda wa parokia yao ya Wapolandi. Asubuhi misa, jioni mazoezi ya kwaya, Jumamosi harusi. Nyumbani alikuwa hasemi. Anakula, anavaa kofia, anarudi kanisani. Lorraine alipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mama yake alikuwa anaumwa kifua, na siku hali ilipokuwa mbaya ilikuwa Jumamosi. Mzee alimtazama mkewe kitandani, akavaa kofia.

"Nikamwambia, baba, leo usiende. Akasema, maharusi wanangoja. Mama akakata roho mimi nimemshika mkono. Na ile nyumba ilikuwa karibu na kanisa, unajua. Nilikuwa nakisikia kinanda chote, mpaka mwisho."

Mzee alipokufa yeye mwenyewe, miaka mingi baadaye, Lorraine alimwambia padri misa ya maziko iwe bila muziki. Watu wa parokia walimsema sana. Hakujali.

Basi ikaja Jumapili ile ya theluji, mwishoni mwa Januari. Nusu ya wakaribishaji walikwama majumbani. Lorraine alikuwa amekuja kwa miguu kuniletea sufuria niliyoiacha kwake, na Terrence Odom, mkubwa wetu wa milango, akamdaka ukumbini hata theluji haijayeyuka mabegani.

"Mama, nakuomba. Mlango wa roshani ya juu hauna mtu."

"Terrence, unajua leo kuna nini."

"Najua. Utakaa nje ya mlango, hutasikia sana. Mwanamuziki mgeni, Daniel Hietala. Watu wamelipa."

"Wewe ukizeeka nitakufanyia hivi hivi."

"Nishazeeka, mama. Shika tochi."

Nilikuwa mlango wa pili wa korido hiyo hiyo ya juu, kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia mengi kwa masikio yangu. Muziki ulianza saa nane na nusu mchana, kipande cha okestra na kinanda pamoja. Tukafunga milango. Lorraine akakaa kwenye kiti cha kukunja, mikono mapajani, uso ameukaza. Mabomba makubwa yakinguruma, sakafu ya korido hutetemeka mpaka kwenye soli za viatu, na mlango haukusaidii chochote.

Ndipo akaja mzee mmoja akipanda ngazi pole pole, koti la kazi, buti za theluji, tiketi mkononi. Akataka kupita.

"Subiri kidogo, mzee," Lorraine akamnong'oneza. "Wakimaliza sehemu hii ya kwanza nitakuingiza."

"Nimetoka juu kabisa, Michigan ya kaskazini. Basi limekwama njiani."

"Hata ungetoka mwezini. Utaratibu ndio huo. Kaa hapa."

Akampisha kwenye kile kiti. Mzee akakaa, akavua kofia, akawa anasikiliza sakafu. Baadaye akauliza, "Anayepiga unamwona mtu wa maana?"

"Simjui. Wanasema ni hodari."

"Ni mwanangu."

Lorraine akamtazama. "Na anakukatia tiketi ya huku juu, kwa watu wa bei rahisi?"

"Hajui kama nimekuja. Nimenunua mwenyewe." Akageuza kofia mikononi. "Sijawahi kumsikia akipiga mbele ya watu. Mimi nilikuwa mtu wa kiwanda cha mbao. Nilimwambia kazi hiyo ni ya watu wasiotaka kuchafuka mikono. Alikuwa na miaka kumi na saba. Akaondoka. Huwa anapiga simu, tunaongea hali ya hewa."

Lorraine hakumpa pole. Alisema, "Mimi baba yangu ndiye alikuwa mpiga kinanda. Mimi ndiye sikutaka kumsikia."

"Alikuwa anapiga vizuri?"

Hapo nikageuka kumwangalia Lorraine. "Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza," akasema. "Sijui. Nilikuwa nangoja amalize tu."

"Basi mimi na wewe hali moja, dada."

Sehemu ya kwanza ikaisha. Lorraine akafungua mlango, akamshika mzee mkono gizani, na kwa kuwa kiti chake kilikuwa mbali, katikati ya safu, akamweka kwenye cha pembeni kilichokuwa wazi kwa sababu ya theluji. Kabla hajarudi nje, sehemu ya pili ikaanza, na utaratibu ni kwamba mlango haufunguliwi muziki ukishaanza. Ikabidi abaki amesimama ndani, mgongo ukutani.

Mimi nilikuwa nimechungulia kwenye kioo cha mlango wangu. Alikuwa amejiandaa kwa kishindo. Lakini sehemu hiyo ilikuwa ya polepole: ala za nyuzi zinalia chini chini, na kinanda cha mabomba kimelala chini yake, laini kiasi kwamba hujui kama kimeanza au la, unahisi tu ukumbi umepata joto. Lorraine alisimama vile vile mpaka mwisho wa sehemu, akajifuta macho kwa mkono wa sweta.

Baadaye nilimuuliza kama alimkumbuka baba yake kwa wema.

"Wema gani. Hasira zilinipanda. Kitu kumbe kinaweza kuwa kipole namna ile, na yeye alikuwa nacho mikononi kila siku, na nyumbani hakuleta hata robo yake."

Watu walipomaliza kupiga makofi, mzee Hietala alikuwa amefunga vifungo vyote vya koti, yuko njiani kwenda stendi.

"Unakwenda wapi?" Lorraine akamuuliza.

"Nimeshasikia. Yatosha."

"Haitoshi hata kidogo. Twende." Akampitisha mkono kwapani, kama alivyokuwa akipeleka mtoto mkaidi kwenye foleni ya chakula, akamteremsha ngazi zote mpaka mlango wa wanamuziki. Mimi nyuma yao, nisingekosa.

Daniel Hietala alitoka bado na tai shingoni. Akasimama.

"Baba. Umefikaje na theluji hii?"

"Basi."

"Umekula?"

"Mkate na soseji, basi liliposimama Green Bay."

Wakabaki wanatazamana viatu. Kisha mzee akasema, "Ile ya katikati. Ilikuwa ngumu?"

"Ngumu kuliko zote. Ukikosea kila mtu anasikia."

"Sikusikia kosa."

"Lilikuwepo moja."

"Basi nalo lilikuwa zuri."

Yule kijana akacheka, akachukua mfuko wa baba yake. Walimwomba Lorraine waende wote kula supu. Akasema miguu inamuuma.

Lile swali la mzee Hietala halikumwacha Lorraine. Mwezi wa tatu alikwenda kwenye nyumba ya wazee kumtafuta Stella Zaborowska, aliyeimba kwaya ya parokia chini ya mzee Pawlak tangu msichana. Akamuuliza, bila kuzunguka, baba yake alikuwa mpigaji wa namna gani.

Alinisimulia tukiwa tunavaa beji, Jumapili nyingine, milango haijafunguliwa.

"Stella akafikiri, akafikiri. Akasema, 'Nisikudanganye, mwanangu. Alikuwa wa kawaida. Na alikuwa anaharakisha. Tulikuwa tunaimba tunamkimbilia kama watu wanaokimbilia basi.'"

"Wa kawaida?"

"Wa kawaida. Miaka yote hii nilidhani angalau alituacha kwa ajili ya kitu kikubwa."

Lorraine alikuwa anacheka, cheko la mtu aliyetua mzigo na bado mabega yanamuuma. Akasema Stella aliongeza jambo moja: kwamba tangu ile harusi ya siku mama yake alipokufa, kila Jumamosi mzee Pawlak alikuwa anabaki juu kwenye kinanda peke yake, hapigi, amekaa tu, mpaka mlinzi wa kanisa anakuja kumtoa.

"Umemsamehe?"

"Sijui. Namwonea huruma kidogo. Hiyo ni mpya." Akachukua rundo la vijitabu, akanigawia nusu. "Wafungulie watu, wanapigwa na baridi nje."