Daktari wa Ng'ombe wa Kabuga

Mwaka 1991 nilikuwa nashona sare za shule mtaani Remera, na nyumbani nilifuga mbwa wawili, jike na mwanawe wa kiume. Jike alipoacha kula na kuanza kutokwa damu puani, nilimwita daktari wa mifugo niliyeelekezwa na majirani. Alikuja na viatu vinavyong'aa, akaniamuru nimshike mbwa, akamdunga sindano bila hata kumpapasa.

"Sindano ya nini?" nikauliza.

"Ya kumponya."

Siku mbili zikapita, hali ile ile. Sikumwita tena. Mtu asiyeweza kunieleza anamwingizia nini mnyama wangu hanifai, na katika hilo sijabadilika.

Mteja wangu mmoja, muuza maziwa, akanitajia daktari wa ng'ombe aliyepatikana Kabuga siku za soko. Nikampakia mbwa kwenye pikapu ya jirani, tukaenda. Nilimkuta mwanamume wa makamo, amevaa gambuti, ndio kwanza amemaliza kuchanja ndama.

"Daktari, unatibu na mbwa?"

"Mama, mimi niko mutu ya ng'ombe," akasema. "Mbwa najua kidogo. Tuangalie. Nikishindwa, nitakuambia."

Akapiga magoti kwenye nyasi, akamwachia mbwa anuse mkono wake. Kisha akamfunua midomo. Ufizi ulikuwa umepauka kabisa. Akapekua masikio, akatenganisha vidole vya miguu, akachomoa kupe mmoja, wa pili, wa tatu, akanionyesha kiganjani.

"Iko na homa ya kupe. Utampa vidonge wiki tatu. Akianza kuchangamka, usiache. Nyumbani iko mbwa mwingine?"

"Yuko mwanawe."

"Mlete naye."

Siku ya nne jike alilamba sufuria ya uji mpaka ikatakata. Nilimpa vidonge mpaka cha mwisho.

Mwaka uliofuata dume aligongwa na baiskeli, mguu ukavunjika. Nilikwenda Kabuga moja kwa moja. Daktari aliupapasa ule mguu taratibu, akatikisa kichwa.

"Huu mfupa umenishinda, mama. Nenda kwa mwenzangu mjini."

Akaniandikia barua palepale, ameegemea boneti ya gari. Nilipoipokea nilijua sitatafuta daktari mwingine, ila yule atakayenituma yeye. Mwenzake aliufunga mguu vizuri, na baada ya miezi miwili dume alikuwa anaruka ua wa jirani kama zamani, nami nikarudi kusikiliza malalamiko ya jirani huyo kuhusu kuku wake.